Redio ya Banda la Kuku

Kwa miaka kumi na minne kazi ya Nicodemus Amolo ilikuwa kufuata nyaya. Alikuwa fundi wa laini za simu, na katika shughuli zote za ufundi huo aliyoipenda kupita kiasi ni kuwanasa wezi wa laini, wale watu wanaopanda nguzo na kujiunganishia simu bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuhitaji mashahidi wala mbwa. Alisimama chini ya nguzo, akainua shingo, akautambua waya usio na haki ya kuwa pale, kisha akaufuata: juu ya mabati, nyuma ya choo, kupitia dirisha la jikoni, mpaka mwisho wake. Mwisho wa waya kila mara palikuwa na mtu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa chini ya kitanda, amekumbatia simu, akidai analala.

Kazi hiyo ilimpa Nicodemus imani moja, na aliishika kuliko alivyoshika mahubiri ya Jumapili. Mtu hukamatwa kwa sababu ya waya. Ondoa waya, hakuna atakayekupata, hata aje na jeshi.

Mgongo wake ulipokataa kupanda nguzo alifungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi ya Kisumu, na imani yake akahamia nayo. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, umri ambao wanaume wengine wanatulia, aliamua kuijaribu. Alikusanya vipuri kutoka kwenye redio ambazo wenyewe walikata tamaa nazo, akavipanga ndani ya debe la biskuti, akapata mtambo wa kurusha matangazo. Kibali hakuwa nacho. Hakuuliza hata kinapatikana wapi, maana kuuliza nako ni kuacha alama.

Debe hilo alilificha ndani ya banda la kuku, nyuma ya nyumba yake Nyalenda. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari. Antena ilikuwa waya wa kuanikia nguo, na ukimwambia Nicodemus kwamba huo nao ni waya, alikukazia macho kama umemtukania mama. Huo hauendi popote, alisema, unaanzia kwenye mti wa mpera na kuishia kwenye choo, basi. Mkewe Dorca alipoanika mashuka yaliyolowa, matangazo yalififia mpaka mashuka yakauke. Kuku nao waligundua kwamba debe lina joto zuri, wakawa wanalitagia juu.

Asubuhi Nicodemus alienda kibandani kama mtu mwema, akaacha kanda aliyoirekodi jana yake ikizunguka. Hapo ndipo ilipokuwa siri yenyewe: mtangazaji yuko stendi anachomelea nyaya za spika mbele ya watu, na huku sauti yake iko hewani. Nani atamshuku? Kila kanda ilipofika mwisho, robo tatu ya saa, Dorca aliinama kwenye mlango wa banda, akasukuma kuku pembeni, akaigeuza upande wa pili.

Ukweli ni kwamba Nyalenda nzima ilijua. Sauti ya Nicodemus ilikuwa nzito na ya puani, na hakukuwa na nyingine kama hiyo kati ya Dunga na uwanja wa ndege. Halafu kulikuwa na wale kuku, ambao hawakukubali kunyamaza wakati wa kurekodi. Watu waliiita Redio ya Kuku, waliipenda, na hawakuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote. Aliyekuwa hajui kwamba anajulikana ni mwenyewe peke yake.

Na jinsi alivyojitahidi kujificha! Jina lake hakulitaja hata siku moja. Lakini Nicodemus alikuwa mtu wa ziwani, na mtu wa ziwani akipewa nafasi ya kusema mbele ya watu atajipaka sifa. Huko kwenye karamu zao, ngoma ikikolea mtu huisimamisha, akasimama, akajisifu kwa pakruok, yeye na waliomzaa na marafiki zake na ng'ombe wa shemeji zake, na waliokaa wanamjibu kwa vifijo. Huwezi kumpa mtu kama huyo kipaza sauti kisha ukamwambia asome habari za hali ya hewa. Kwa hiyo katikati ya kila wimbo Nicodemus aliisimamisha ngoma. "Mimi wuod Seme!" alinguruma, yaani mwana wa Seme. "Dume lisilofungwa kamba! Mimi ninayesema na soko la Otonglo na kiti changu hakijasogea! Rafiki wa Absalom mkata nyama, kisu chenye huruma! Mkwe wa Katito, kwa wale ndugu saba ambao wakisimama mlangoni jua linaomba njia!"

Alimsifu Absalom. Aliwasifu ndugu saba. Alimsifu daktari wa mifugo aliyewachanja kuku. Katika miezi saba hakumsifu Dorca hata mara moja.

Dorca alivumilia kwa muda. Lakini kwenye bomba la maji, foleni ikiwa ndefu, wanawake hawana kazi nyingine ila kuongea, na jirani yake Beldina alikuwa na ulimi.

"Yawa, Min Akeyo," alisema siku moja, akimwita Dorca kwa jina la mwanawe, akiinua mtungi. "Huyo mwenye redio amesalimia mpaka daktari ya kuku. Wewe ulimkosea nini?"

Foleni nzima ilicheka. Dorca alirudi nyumbani na ndoo nusu, akaitua katikati ya sebule.

"Baba Akeyo, mimi nageuza kanda yako. Nafukuza kuku yako. Nguo yangu inakaa na harufu ya betri. Jina langu ni chafu?"

"Si chafu, Min Akeyo. Ni waya."

"Ni nini?"

"Jina lako ni waya," alieleza Nicodemus, kwa ile sauti ya subira aliyowawekea wateja wagumu. "Nikisema Dorca, mtu atauliza Dorca gani. Ataambiwa ni Dorca wa Nyalenda. Atafuata hiyo jina polepole mpaka mlangoni. Mimi kazi hiyo nimeifanya, naijua."

"Na ndugu zangu saba?"

"Hao wako Katito."

Dorca aliisukuma ndoo pembeni kwa mguu. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, ambaye hasira yake ilikuja bila kelele, na ndiyo maana ilitisha. "Jumamosi," alisema. "Jumamosi saa nane mchana, kama sijasikia jina langu kwa hiyo redio, naenda kwetu. Na kunichukua utakuja na miguu yako."

Hayakuwa maneno ya kutishia mtoto. Mwaka 1984 aliwahi kuondoka kwa sababu ya baiskeli iliyouzwa bila yeye kuulizwa, akakaa Katito miezi miwili. Nicodemus alijipikia ugali uliokuwa na unga mbichi katikati, akala akitazama ukuta. Watoto wao wote watatu walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Nyumba bila Dorca ilikuwa bati na kuta tu, na alimpenda mkewe, ingawa hilo pia hakulitaja popote. Alikuwa na hofu ya kweli. Lakini imani ni imani. Ijumaa jioni aliingia bandani, akarekodi kanda ya Jumamosi, akamsifu fundi viatu, akamsifu msaidizi wa chifu mstaafu, akafika penye jina la mkewe, akaweka wimbo.

Jumamosi saa nne asubuhi mwanamume mrefu aliyevaa suti ya Kaunda alisimama mbele ya kibanda chake. Alikuwa na daftari, na alikuwa na adabu nyingi mno kwa mtu anayekuja kutengeneza redio.

"Mzee Amolo? Naitwa Waliaula. Natoka Nairobi, ofisi inayoangalia masafa ya redio. Kuna kituo hapa Kisumu kinachotangaza bila kibali. Nimeuliza mjini nani anajua redio na nani anajua vichochoro, watu kumi wamenitajia jina moja."

Nicodemus aliweka chini chuma cha kuchomelea. Wakati huohuo alihisi kifua kikipanda, kwa sababu watu kumi si wachache. "Waliniambia ni wewe ulikuwa unafuata nyaya," aliendelea Waliaula. "Nisaidie kutafuta huyu mtu."

Angekataa, ingekuwa alama. Tena, na hili lazima lisemwe, hakuna fundi aliyewahi kuombwa maoni akayanyima. Nicodemus alifunga kibanda, akapanda Land Rover.

"Lakini nikuambie mapema, afande," alisema kwa sauti aliyoibana iwe nyembamba, isifanane na ya redioni, wakielekea barabara ya Busia. "Huyo mtu humpati. Hana waya. Wewe utafuata nini, upepo?"

Waliaula alitabasamu, akatoa redio ndogo ya transista, ya kawaida kabisa, ambayo Nicodemus alikuwa amekwisha kutengeneza mia mbili kama hiyo. Waliposhuka Otonglo, karibu na soko, aliiwasha akatafuta. Kuku walilia. Kisha sauti nzito ya puani ikasema, "Mimi wuod Seme! Dume lisilofungwa kamba!"

"Ndiye huyu," alisema Waliaula. "Sasa tazama, mzee. Ndani ya redio hii kuna nini?"

"Kijiti cheusi, kimezungushiwa waya mwembamba. Ndicho kinachonasa mawimbi."

"Kikikaa ubavu kwa kituo, sauti inajaa. Kikielekeza ncha kwa kituo?"

Alianza kuizungusha redio polepole kwenye kiganja. Dume lisilofungwa kamba lilipungua, likanong'ona, likapotea. Waliaula aliizungusha kidogo zaidi, dume likarudi. Akaizungusha nyuma, likapotea tena, palepale. Alichora mstari kwenye ramani yake, kutoka Otonglo kwenda mashariki, moja kwa moja juu ya mji.

Nicodemus alibaki mdomo wazi. Maisha yake yote alikuwa akishika kile kijiti, anakipangusa vumbi, anakirudisha, na hajawahi kukiuliza neno. Kwa dakika nzima alisahau kwamba ni yeye anayetafutwa. "Hebu!" alisema, akaichukua redio, akaizungusha mwenyewe, akajipoteza na kujirudisha mara sita, akicheka. Kisha akakumbuka, kicheko kikafa.

"Waya, mzee, unasema na mtu mmoja," alisema Waliaula. "Huyu hana waya, kwa hiyo anasema na kila mtu. Hata mimi ananiambia alipo. Ni kama mtoto akilia: fumba macho, bado utajua yuko chumba gani."

"Kilima hiki cha Kisian kinarudisha sauti," alisema Nicodemus haraka. "Na ziwa. Ziwa linavuta sauti. Wakati wa gugumaji linavuta zaidi."

Waliaula aliandika hayo kwenye daftari kwa heshima, akauliza gugumaji linaandikwaje.

Hapo ndipo Rosa muuza samaki wa ngege, ambaye Nicodemus aliwahi kumtengenezea redio na ambaye alikuwa ameketi nyuma ya karai lake hatua tano kutoka walipo, aliposhindwa kuvumilia. Redio ilikuwa imesema "rafiki wa Absalom, kisu chenye huruma," na mtu akijipaka hivyo mbele yako lazima ajibiwe. Rosa alirusha mikono juu, akapiga kigelegele, akamgeukia Nicodemus mzimamzima.

"Omera, ndugu yangu! Leo umejipaka mpaka—"

Nicodemus alimkanyaga mguu.

"Amesema nini?" aliuliza Waliaula.

"Nasema ngege ni ya leo asubuhi," alisema Rosa, machozi yakimlengalenga. "Afande nunua."

Walirudi mjini. Njia nzima Nicodemus alifikiria namna ya kumfikishia Dorca habari: azime mtambo, avute waya, atupe debe ziwani. Simu haikuwepo. Wa kumtuma hakuwepo. Na kila robo tatu ya saa redio ilikaa kimya kwa pumzi mbili tatu, kisha ikasikika tak, na ngoma ikaanza upya. Dorca alikuwa amegeuza kanda. Pamoja na hasira zake zote alikuwa anaigeuza, na Nicodemus alijua kwa nini. Alikuwa bado anasubiri.

Barabara ya Ahero, upande wa pili wa mji, Waliaula alizungusha redio tena, akachora mstari wa pili. Mistari ilikatana Nyalenda. Alitia duara dogo, nadhifu, ambalo kwa makadirio ya Nicodemus lilikuwa na nyumba thelathini na banda moja.

Waliacha gari barabarani wakaingia kwa miguu. Mitaa ile ilikuwa na redio tatu nne wazi, zote kwenye kituo kimoja, na walipopita zilizimwa moja baada ya nyingine, na watu wakawa wanachambua mboga kwa bidii isiyo ya kawaida. Absalom mkata nyama alimwona rafiki yake akitembea na suti ya Kaunda, akaingia ndani ya bucha na kufunga mlango, akasahau mteja nje. Beldina alikuwa bombani. Afande alipomuuliza kama anajua kituo kinachotangaza bila kibali, alisema yeye hasikilizi redio, ameokoka.

Walikuwa hatua arobaini kutoka nyumbani kwa Nicodemus. Waliaula alizungusha redio, sauti ikazama, ncha ikiuelekea mti wa mpera. Akafungua mdomo kusema neno. Na hapo kanda ikaisha.

Walisubiri pumzi tatu. Walisubiri dakika. Walisubiri dakika tano, Waliaula akitikisa redio, kuku wa watu wakipita katikati ya miguu yao. Hakukuwa na tak.

"Amezima," alisema Waliaula, na mabega yake yakashuka. "Bila sauti mimi si kitu, mzee. Siwezi kugonga milango thelathini nikiomba radhi ishirini na tisa. Nitaandika kwamba sikupata. Kesho napelekwa Garissa, huku sirudi."

Nicodemus alikuwa ameokoka. Alitaka kuruka. Alitaka kumkumbatia afande huyu mwenye adabu, ambaye alikuwa amemfundisha jambo zuri kuliko yote tangu aanze ufundi. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipotazama saa ya mkononi ya Waliaula, aliyekuwa ameinua mkono kufunga daftari. Ilikuwa saa nane na dakika sita.

Mlango wa nyumba yenye bati la kijani ulifunguliwa, Dorca akatoka. Alivaa gauni la kwenda kanisani. Kichwani alikuwa na mfuko mkubwa uliokazwa kwa leso, na waya wa kuanikia nguo nyuma yake ulikuwa mtupu kabisa. Alikuja taratibu, akafika walipo.

"Habari yako, mgeni," alimwambia Waliaula.

"Nzuri, mama."

Dorca hakumsalimu mumewe.

"Min Akeyo," alisema Nicodemus kwa sauti ya chini. "Leo si siku. Nitakueleza. Ngoja tu huyu bwana aende."

"Nimesikiliza toka saa tatu na nusu," alisema Dorca. "Upande wa kwanza, upande wa pili. Mara tatu. Nilidhani labda uliniweka mwisho kabisa, nikangoja mpaka mwisho kabisa." Aliuweka sawa mfuko kichwani. "Fundi viatu yuko. Mimi siko."

Akapita. Aliwapita wote wawili na kushika njia ya barabarani, penye magari ya Katito, na hatua zake zilikuwa za mtu ambaye hatageuka. Nicodemus alitazama mgongo wake. Alimtazama Waliaula, ambaye alikuwa amekwisha kuweka kalamu mfukoni na anatafuta maneno ya kuaga. Ilibaki asimame tu. Asimame bila kusema neno kwa dakika mbili, na angekuwa mtu huru, peke yake, na ugali wenye unga mbichi katikati.

Alikimbia. Mgongo ambao ulikuwa umekataa nguzo haukupewa nafasi ya kukataa. Aliruka karai la mtu, akapita chini ya mpera, akapiga magoti na kujitosa kwenye banda la kuku kichwa mbele.

Redio iliyokuwa mkononi mwa Waliaula ilikohoa. Kuku walipiga mayowe yote waliyokuwa nayo.

"Ngoma isimame!" ilisema sauti ya puani, ikihema. "Hakuna ngoma, lakini isimame! Mimi Nicodemus Amolo, wuod Seme, niko Nyalenda, nyumba ya bati la kijani, ndani ya banda! Namsalimu Dorca! Dorca nyar Nyakach, binti wa Katito, mama ya Akeyo! Dada ya wale saba, na yeye peke yake anawashinda wote! Mnasikia hii redio toka mwaka uanze mkidhani kanda inajigeuza? Inageuzwa na Dorca! Ameanika nguo kwa antena yangu na hajawahi kulalamika... hapana, amelalamika, lakini ameanika! Dorca, nikiamka upande wako wa kitanda uko baridi, hii redio ni ya nini? Niongee na nani? Nakupenda, na sasa Otonglo yote imesikia, na afande pia!"

Bombani mtu alipiga kigelegele, halafu wa pili, halafu ilikuwa foleni nzima, na Beldina aliyeokoka alisikika juu ya wote. Mlango wa bucha ulifunguliwa. Redio zilizokuwa zimezimwa ziliwashwa, sauti ya Nicodemus ikatoka kwenye madirisha manne kwa pamoja.

Waliaula, kwa mazoea tu, aliizungusha redio kiganjani mpaka sauti ikazama. Ncha ilielekea kwenye banda la kuku, ambako miguu miwili ya suruali ya kaki ilikuwa imejitokeza nje mlangoni. Alishusha pumzi, akatoa kalamu mfukoni. Alitembea mpaka bandani, akainama, akaona ulipo waya wa betri, akanyoosha mkono kuuchomoa.

Dorca alikuwa amesimama katikati ya njia, mfuko bado kichwani. Uso wake ulikuwa umelowa. Aliugeuza polepole, akamtazama afande, akaitazama ile redio, akaitazama miguu ya mumewe.

"Kuku walikuwa wanapiga kelele," alisema. "Sikusikia vizuri. Arudie."

Waliaula akarudisha mkono nyuma.